Tabasamu Halitoshi Mbamba Bay

Makala moja ya ushauri kwa wageni wanaokwenda ufukwe wa Ziwa Nyasa imedai kwamba tabasamu na pesa taslimu vinatosha. Adabu za wenyeji, eti, ni mambo ya wazee yanayomchelewesha msafiri. Sikubaliani hata kidogo.

Mgeni anayeshuka Mbamba Bay, mji wa ufukwe huo, akamwendea muuza dagaa na kuuliza bei kabla ya salamu, amekwisha kumvunjia mtu heshima mbele ya watu. Atauziwa, ndiyo. Lakini asitegemee kuambiwa kwamba leo ziwa limechafuka. Huku kitu hupokelewa kwa mikono miwili, au kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukigusa kiwiko. Kijana humwamkia mkubwa kwanza, na wapo akinamama ambao bado hupiga goti. Mgeni halazimiki kupiga goti. Anachotakiwa ni kutoliona goti hilo kuwa utumwa, wala kulipiga picha bila ruhusa.

Na huko kuchelewa? Kwenye mashamba ya kahawa ya Wamatengo, Mbinga, salamu huulizia nyumba, watoto na shamba. Ni dakika mbili. Anayeshauri ziachwe atueleze mgeni wake ataomba maji kwa nani gari likimharibikia kwenye mteremko wa kushukia ziwani kutoka huko.