Bwana Afya na Akague Kisima Pia

Kila masika yanapofika, vyoo hufurika katika mitaa ya mabondeni ya Dar es Salaam, na maji machafu huingia visimani. Mwaka 1973 wananchi wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi vya kampeni ya Mtu ni Afya, wakasikiliza redio, kisha wengi wakachimba vyoo kwa mikono yao. Kazi hiyo ilistahili sifa. Hata hivyo kipindupindu kilienea nchini mwaka 1977, na Agosti 2015 kikazuka tena jijini.

Mara nyingi afisa afya apitapo nyumba hadi nyumba huulizia choo, hutazama mlango na paa, akaondoka. Kisima hakiulizwi, wala shimo lililofunikwa kwa saruji. Huo ni ukaguzi nusu, tena nusu iliyo rahisi. Wataalamu hushauri kisima kiwe mita 30 kutoka chooni. Katika viwanja vyetu vyembamba, choo cha jirani kiko hatua chache tu. Mchanga wa pwani hupitisha uchafu upesi, na maji yenye vijidudu yaweza kuwa maangavu na matamu.

Wako watakaosema kwamba ukaguzi huo utafungua mlango wa rushwa. Hofu hiyo ina msingi. Kwa hiyo matokeo yabandikwe katika ofisi ya Serikali ya Mtaa, kila mtu ayasome. Mpangaji naye, ambaye ndiye anywaye maji hayo, apewe haki ya kumwita mkaguzi bila kumwogopa mwenye nyumba. Halmashauri ziwape maafisa hao utepe wa kupimia na chupa za sampuli, na kazi ianzie mabondeni kabla ya masika.