Buti la Kigali lina kinga ya ushuru, halina ngozi

Kigali hakuna asiyelijua neno caguwa. Ni Kiswahili chetu, "chagua", kilichovaa tahajia ya Kinyarwanda, na kwa miaka mingi ndivyo watu walivyojipatia viatu: unainama kwenye rundo, unachagua, unapatana bei, unaondoka. Buti la ngozi lililokwisha kuvaliwa Ulaya lilipatikana humo likiwa bado imara, kwa bei ambayo fundi wa mjini hakuweza kuishindania. Leo rundo hilo limepungua sana, na mabuti mapya yaliyoshonwa kwa mkono, ya kuvaliwa na jinzi siku yoyote ya wiki, yanatafuta wateja chini ya bango la Made in Rwanda.

Mfanyabiashara anayevuka mipaka ana haki ya kuuliza: kuna fedha hapa, au ni kaulimbiu tu? Fedha ipo. Lakini anayedhani ushuru wa mitumba peke yake ndio uliolifungulia buti la Kigali soko, atakosea hesabu.

Ushuru ulivyofanya kazi

Machi 2016, wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikutana Arusha wakakubaliana kuondoa nguo na viatu vya mitumba hatua kwa hatua, ili viwanda vya nguo na ngozi vipate nafasi ya kupumua. Mwaka huo huo Rwanda ilipandisha ushuru wa nguo zilizotumika kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo. Viatu vilivyotumika navyo vikapandishwa, kwa kigezo kile kile cha uzito.

Chama cha wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani kililalamika kwa serikali yao mwaka 2017. Kenya, Uganda na Tanzania zikarudi nyuma zisipoteze nafasi ya kuuza Marekani bila ushuru kupitia mpango wa AGOA. Rwanda haikurudi, na mwishoni mwa Julai 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye msamaha huo. Mpango ulioanza kama wa Jumuiya nzima ukabaki mzigo wa nchi moja.

Sasa tuangalie mizani. Jozi ya mabuti ina uzito wa kilo moja na nusu hivi; jozi ya ndala haifiki nusu kilo. Ushuru wa kilo kwa hiyo huliumiza buti kuliko kiatu kingine chochote. Hata tukitumia kiwango cha nguo peke yake, jozi hiyo ya mtumba ililipa senti 30 za dola zamani. Kwa kiwango kipya ni dola 3.75. Buti la mtumba likakosa uwezo wa kuuzwa rahisi.

Upande wa pili, kiatu kipya cha ngozi bandia kutoka Asia hutozwa kwa thamani, si kwa uzito. Tuseme kinaingia kwa dola 4. Hata ukikitoza asilimia 35, bendi ya juu ya ushuru wa pamoja wa Jumuiya iliyoanza Julai 1, 2022, kinalipa dola 1.40 tu. Kadiri kinavyokuwa hafifu na cha bei ya chini, ndivyo kinavyolipa kidogo. Hapo ndipo mpinzani halisi wa fundi wa Kigali alipo. Mlango wa mtumba umefungwa, na aliyeingia kwanza kwenye nafasi iliyobaki ni kiatu cha plastiki kinachopasuka kabla ya masika kuisha.

Mteja wa kipato kidogo naye ana hoja. Alikuwa anapata ngozi halisi kwenye rundo. Sasa anaambiwa achague kati ya plastiki na buti la fundi ambalo hana fedha yake kwa mara moja. Sera isiyomjibu mtu huyo haitadumu.

Ng'ombe wapo, ngozi iko wapi?

Rwanda haikosi ng'ombe. Mpango wa Girinka, wa kuipa kila familia maskini ng'ombe mmoja, unaendelea tangu 2006. Lakini kati ya ng'ombe na buti kuna kazi ndefu. Ngozi huharibika machinjioni kwa kisu cha haraka. Huharibika malishoni kwa kupe na miiba. Inayosalimika hutiwa chumvi, na sehemu kubwa huuzwa nje ikiwa mbichi. Kuisindika kunahitaji maji mengi, kemikali kama kromu, na mtambo wa kusafisha majitaka kabla hayajafika mtoni. Eneo la viwanda vya ngozi limepangwa Bugesera, lakini mpango haushonwi kiatu.

Kwa hiyo fundi hununua ngozi iliyokwisha kusindikwa nje ya nchi, na mara nyingi soli, zipu, gundi na kalibu zinazoupa kiatu umbo la mguu navyo hutoka nje. Viatu vya wazi huweza kukwepa sehemu ya gharama hiyo. Kampuni ya Uzuri K&Y, iliyoanzishwa Kigali mwaka 2013, ilijijengea jina kwa soli za mpira wa matairi yaliyotumika, wazo ambalo wenzetu wa Kenya wanalijua kwa akala na wa Tanzania kwa katambuga. Buti halina njia hiyo ya mkato. Linapanda hadi juu ya kifundo, linataka ngozi nene isiyo na makovu, na bitana ndani. Bei ya ngozi ikipanda, buti ndilo la kwanza kuumia.

Biashara iko kwenye mzigo wa kurudi

Kenya ina viwanda vya kusindika ngozi Athi River na Thika. Tanzania ina kiwanda cha Karanga mjini Moshi, kilichozinduliwa mwaka 2020, na wasindikaji wengine. Nchi hizo mbili kwa vipindi tofauti zilitoza hadi asilimia 80 kwenye ngozi mbichi inayouzwa nje, ili isindikwe nyumbani. Ngozi iliyosindikwa basi ipo ndani ya Jumuiya, siku chache za barabara kutoka Kigali, kupitia Gatuna au Rusumo.

Muhimu zaidi, kanuni za uasili za Jumuiya hazihesabu ngozi ya Thika kuwa ya kigeni inapofika Kigali. Malighafi yenye asili ya nchi mwanachama mmoja huchukuliwa kuwa ya nyumbani katika nchi nyingine. Buti lililoshonwa Kigali kwa ngozi ya Kenya linaweza kurudi Nairobi, au kwenda Kampala na Mwanza, bila ushuru wa forodha. Anayepeleka ngozi na kurudi na mabuti halipi lori likimbie tupu.

Masharti matatu yasisahaulike. Kwanza, ngozi iliyonunuliwa Nairobi si lazima iwe ya Kenya. Iliyotoka India au China haina asili ya Jumuiya, hivyo dai karatasi kwa muuzaji kabla ya kulipa. Pili, utaratibu uliorahisishwa kwa wafanyabiashara wadogo una kikomo cha dola 2,000 kwa mzigo. Kama jozi ni dola 40, hizo ni jozi 50. Ya 51 inakuhamishia kwenye taratibu za kawaida. Hakikisha pia bidhaa yako imo kwenye orodha inayokubaliwa mpakani. Tatu, msamaha ni wa ushuru wa forodha. VAT inabaki, asilimia 18 Rwanda, Uganda na Tanzania, na 16 Kenya.

Lipo pia lisilo la karatasi. Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024. Mwaka mmoja baadaye Goma ikatwaliwa na M23 na benki za mji huo zikafunga milango. Masoko mawili ya karibu kabisa na Kigali yakawa magumu kuliko ya mbali. Kwa sasa mabuti yanaangalia mashariki na kaskazini.

Kabla ya kuagiza, ligeuze buti uangalie soli. Iliyogundishwa tu ikibanduka mara mbili, kiatu kimekwisha. Iliyoshonwa hubadilishwa na fundi yeyote, na uso wa ngozi ukaendelea kutumika miaka. Hiyo ndiyo hoja ya kumpa mteja wa kipato kidogo: jozi moja inayotengenezeka, pengine kwa malipo ya awamu, badala ya jozi tatu za plastiki kwa mwaka.

Rwanda imekwisha kulipia uamuzi wake wa 2016. Serikali za Jumuiya zina deni la kutoza kiatu hafifu kwa namna ambayo uduni wake hautageuka kuwa msamaha. Mfanyabiashara hana haja ya kungoja deni hilo lilipwe. Aanze na ngozi.