Mwacheni Tumbili, Sugueni Pipa

Sisi wakazi wa Likoni, Kisauni na Changamwe hapa Mombasa, wenye nyumba na wapangaji, wachuuzi wa maji na wahudumu wa afya ya jamii, tumeungana leo kupigana na homa zinazoletwa na mbu. Tunaanza kwa kumtetea tumbili.

Huko Brazil, homa ya manjano ilipozuka kuanzia mwishoni mwa 2016, watu waliua kima wakidhani ndio wanaowaambukiza. Kumbe kima walikuwa wakifa kwa ugonjwa huo huo. Tamarini wa dhahabu, kima wadogo wa msitu wa Rio de Janeiro, walipungua kutoka takriban 3,700 mwaka 2014 hadi 2,500 mwaka 2019. Ndipo 2021 wataalamu wakaanza kuwatega, kuwachoma sindano ya chanjo na kuwarudisha msituni. Kazi ile tunaiheshimu sana.

Lakini wanaotaka tumbili wa Shanzu na Mtongwe nao wachanjwe, tunawaambia: hapa sipo penye tatizo. Kima wa Afrika wameishi na virusi vya homa ya manjano tangu zamani. Kwa kawaida huambukizwa wakapona. Na mtaani kwetu mbu humtoa mtu mgonjwa virusi akampa jirani yake. Tumbili hahitajiki katika safari hiyo. Hivyo ndivyo homa ya chikungunya iliyotoka Lamu 2004 ilivyofika Mombasa mwaka ule ule. Ikarudi tena: kati ya katikati ya Desemba 2017 na 3 Februari 2018, Mombasa ilihesabu wagonjwa 453, maabara ikithibitisha 32. Watu wazima walishindwa kushika kikombe kwa maumivu ya viungo. Homa ya dengi nayo tunaijua.

Mbu mwenyewe anaitwa Aedes aegypti, mweusi mwenye madoa meupe miguuni. Huuma mchana, kwa hiyo neti ya usiku haitoshi. Hapendi mtaro mchafu. Anataka maji ya kuwekwa. Chungulia pipa lako: viluwiluwi vinapinda na kuzama ukilitikisa, na juu kidogo ya maji, ukutani mwa pipa, mayai meusi madogo yamegandama. Ukimwaga maji yale mayai hubaki. Yanaweza kukaa makavu miezi kadhaa, na siku ukijaza tena yanaanguliwa. Dawa yake ni brashi na mkono.

Hata hivyo hatutakubali mama wa Timbwani alaumiwe kwa sababu ana mapipa. Anaweka maji kwa sababu mfereji hautoi, na mtungi wa mkokoteni anaulipia kutoka mfukoni. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya maji safi ya kutosha. Maji yakija kila siku, mapipa yatapungua yenyewe, na mbu atakosa pa kutagia. Hili ndilo dai letu la kwanza kwa serikali ya kaunti na ya kitaifa, na hatutaliacha hata tukipewa neti, dawa ya kupuliza na maneno matamu.

Tunadai pia vipimo vya dengi na chikungunya katika zahanati zetu, ili mgonjwa asirudishwe nyumbani na dawa za malaria ambayo hana. Wenye gereji na yadi za malori Changamwe wafunike tairi kuukuu au waziondoe. Na bandari ya Kilindini isilegeze ukaguzi wa vyeti vya chanjo ya homa ya manjano: Isiolo ilipata mlipuko wa homa hiyo 2022, na mbu wa kuusambaza mjini tayari tunaishi naye.

Tumbili tunamtaka awe mlinzi wetu, wa kutuonya virusi vikiingia. Mwaka 1947, katika msitu wa Zika karibu na Entebbe, watafiti waliokuwa wakitafuta homa ya manjano waliweka kima kizimbani juu ya miti; damu yake ndiyo iliyofichua virusi vya Zika. Basi, ingawa kima wetu kwa kawaida hupona, tumbili akikutwa amekufa, asizikwe kimya wala asiguswe kwa mikono mitupu. Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) liarifiwe, sampuli ichukuliwe, na majibu yaletwe barazani tuyasikie.

Ndugu zetu, wazee wa mitaa, walimu, vijana wa maskani: ungeni mkono madai haya, na kila Jumamosi asubuhi kila nyumba isugue mapipa yake na kuyafunika. Anzeni Jumamosi hii.