Blanketi la Viraka kwa Siku ya Kwanjula

Kwanjula ya binti huja na gharama nyingi, na mama mwenye kazi, watoto na mume aliye zamuni hana wasaa. Hata hivyo, zawadi ya kudumu haihitaji deni.

Mafundi cherehani wa Kiyembe, Kampala, hubakiza vipande vya vitenge. Mama avikusanye pamoja na magauni ya utotoni ya binti huyo, avifue kwanza visije vikachuja rangi, kisha akate miraba 140 ya sentimita 15: mistari 14 ya miraba 10. Akiunga mitano kila jioni, uso wa blanketi hukamilika kwa siku 28. Ndani atie blanketi kuukuu, na chini bitana ya shuka.

Bandu bandu huisha gogo. Bibi arusi atakwenda kwake na nguo ya kwao, na nyumba itabaki bila mdai mlangoni.