Nani Atalipia Mitaro ya Nkoma?

Askari ashikaye zamu ya usiku mjini Mbale huijua mitaa ya Nkoma pengine kuliko diwani aliyechaguliwa kuisemea. Anajua ni nyumba ipi yenye taa na ipi isiyo nayo, ni mtaro upi ulioziba, na ni njia ipi isiyopitika baada ya mvua. Kwa hiyo lisiwe jambo la ajabu makala haya yakielekezwa kwa ndugu zetu wa jeshi na wa polisi, ijapokuwa yanahusu fedha za mabaraza ya miji, habari ambayo wengi huidhani kuwa ni ya makarani na wahasibu peke yao.

Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika. Watu zaidi ya 20 walipoteza maisha katika mji wa Mbale na sehemu za jirani, na miongoni mwa walioitwa kutafuta maiti katika matope walikuwamo polisi na wanajeshi. Mvua ni ya Mungu, wala hapana awezaye kuidai. Lakini nyumba zilizosimama ukingoni mwa mto hazikujengwa na Mungu, na mitaro iliyojaa takataka haikuzibwa na malaika. Kupanga mji, kutoa vibali vya kujenga na kusafisha mitaro ni kazi ya baraza. Na baraza likiulizwa, jibu huwa ni lile lile: fedha hakuna.

Jibu hilo si uongo. Lakini halitoshi, kwa sababu lazima tuulize fedha hizo zilikwisha lini, na kwa amri ya nani.

Wazee wachache waliobakia wa Bukedi na Bugisu hawajausahau mwezi wa Januari 1960. Wakati huo makao makuu ya wilaya ya Bukedi yalikuwa hapa Mbale. Wananchi waliinuka wakawashambulia machifu na kuziteketeza nyumba zao, polisi wakafyatua risasi, na watu wakafa. Chanzo chake kilikuwa kodi ya kadiri, ile ambayo wengi waliiita kodi ya kichwa. Wananchi wale hawakuwa wamekataa kulipa. Walichokikataa ni kukadiriwa kwa chuki na upendeleo: masikini mwenye mbuzi wawili akaandikiwa sawa na mwenye duka, na nduguye chifu akaandikiwa nusu. Serikali ya kikoloni iliunda tume ya uchunguzi, nayo kasoro hizo zikajulikana wazi.

Hata hivyo kodi hiyo iliendelea kutozwa kwa miaka mingine arobaini na mitano, na namna yake ya kukusanywa haikupendeza. Misako ilifanywa alfajiri. Vizuizi viliwekwa njiani, na mtu asiye na tiketi alitiwa ndani. Wanaume wazima walikimbilia vichakani kama watoto. Baadhi ya wasomaji wa ukurasa huu, au baba zao, ndio waliotumwa kuwakamata. Nao wanajua kwamba hapana kazi iliyomtenga askari na raia kuliko ile. Kodi hiyo ilipoondolewa mwaka 2005 watu hawakulia, na mwandishi huyu pia hakulia.

Lakini pamoja na ubaya wake, kodi ile ndiyo iliyokuwa tegemeo la mabaraza. Ndiyo iliyolipa mishahara ya watumishi wa chini, ikanunua mafuta ya trekta na kuziba mashimo ya barabara. Na katika mwaka huo huo wa 2005 ilipitishwa sheria ya kodi ya majengo, ambayo ilimsamehe kila mwenye kukaa katika nyumba yake mwenyewe mjini. Uchaguzi mkuu ulifanyika Februari 2006. Msomaji anaweza kuhesabu miezi mwenyewe. Hivyo katika muda usiotimia miezi kumi na miwili mabaraza yalinyang'anywa mifuko miwili kwa mpigo, ule wa kushoto na ule wa kulia. Fidia iliahidiwa kutoka Kampala, lakini fidia ni fedha ya kuombwa, wala si fedha ya haki.

Mwaka 2008 ukaletwa ushuru wa huduma za mitaa pamoja na ushuru wa mahoteli. Ushuru wa huduma hulipwa na mwenye mshahara, na kiasi chake cha juu kabisa ni shilingi 100,000 kwa mwaka, hata kama mshahara wenyewe ni wa mamilioni. Sheria imewasamehe wanajeshi, polisi na askari wa magereza. Msamaha huo una sababu yake, na hatuupingi: mtu aliyeapa kutoa roho yake, naye analala kambini chini ya paa la serikali, haitumii sana mitaro ya baraza. Tutalirudia jambo hili baadaye, maana liko upande wake wa pili.

Tuangalie kwanza muundo wenyewe. Nchi yetu imejaribu namna nyingi. Sheria ya mwaka 1967 iliyaweka mabaraza chini ya mkono wa waziri. Mwaka 1973 nchi iligawanywa katika majimbo, na magavana wakateuliwa, wengi wao maafisa wa jeshi, waliotoa amri kwa namna ya gwaride. Baada ya 1986 yakaja mabaraza ya upinzani kuanzia kijijini. Tarehe 2 Oktoba 1992 ukatangazwa mpango wa kugawa madaraka kwa wilaya. Katiba ya 1995 ikauthibitisha, na Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997 ikaupa mwili. Kwenye karatasi ni mpango mzuri, wenye ngazi tano kutoka kijiji hadi wilaya, na ulisifiwa hata ng'ambo.

Tatizo ni kwamba ngazi zilijengwa, lakini maji ya kupandisha juu yake hayakupatikana. Leo zaidi ya shilingi tisini katika kila mia zinazotumiwa na mabaraza hutoka hazina kuu, na nyingi kati ya hizo hufika zikiwa zimekwisha andikiwa kazi yake: hizi za walimu, hizi za zahanati, hizi za barabara fulani. Diwani wa Nkoma akitaka kuzibua mtaro mmoja kabla ya masika hana kifungu cha kuombea fedha. Tangu 2005 hata mtendaji mkuu wa wilaya huajiriwa na Tume ya Utumishi ya taifa, hivyo macho yake hutazama Kampala kabla hayajatazama wapiga kura. Wenyeviti wa vijiji nao walikaa tangu 2001 hadi Julai 2018 bila kuchaguliwa upya. Miaka kumi na saba! Mtoto aliyezaliwa katika uchaguzi ule alikuwa karibu kufikia umri wa kuandikishwa jeshini ulipofika uchaguzi mwingine.

Fedha zipo zinazopita juu ya kichwa cha baraza. Februari 2022, huko Kibuku, si mbali na hapa, ulizinduliwa mpango wa maendeleo wa miluka, ambao kila muluka hutengewa shilingi milioni 100 kwa mwaka. Ni mpango wa kukopesha kaya, nasi hatuna neno baya juu yake. Lakini mkopo wa kuku hauzibui mtaro. Kadhalika tangu 2013 Benki ya Dunia imegharimia barabara na taa katika miji 14, Jinja na Mbale zikiwamo. Lami ile ni nzuri. Nani ataitia kiraka baada ya miaka kumi? Tarehe 1 Julai 2020 miji hii miwili ilipandishwa cheo ikawa majiji. Askari anajua kwamba apandaye cheo huvaa nyota mpya na kupokea mshahara mpya. Majiji yetu yalipewa nyota tu.

Sasa tuje kwenye nyumba. Huko Jinja liko eneo la Walukuba, lililojengwa katika zama za ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika, wakati bwawa la Owen Falls lilipokuwa likijengwa na viwanda kama kile cha nguo cha Nyanza vikianzishwa. Bwawa lilifunguliwa 1954. Zilikuwa nyumba ndogo, lakini zilikuwa na mpango: njia, maji, na uwanja wa watoto. Nyumba hizo zikawa mali ya baraza la mji. Viwanda vilipodhoofika baada ya 1972, mfanyakazi akakosa kazi, kodi ya pango ikabaki ndogo mno isiyoweza hata kununua rangi, na mabati yakaanza kula kutu. Tangu hapo yamekuwapo mawazo mawili: kuziuza nyumba kwa wapangaji, au kuzibomoa na kumpa mwekezaji ardhi ajenge maghorofa.

Anayeona wazo la pili kuwa ni jepesi aende Kampala, akatazame Nakawa na Naguru. Hapo palikuwa na nyumba za namna hiyo hiyo, juu ya ardhi ipatayo heka 160. Mkataba na mwekezaji ulitiwa sahihi 2007. Mwezi wa Julai 2011 familia zaidi ya 1,700 zilitolewa, na polisi ndio walioitwa kusimamia kazi hiyo. Wapangaji waliahidiwa kwamba watapewa nafasi ya kwanza katika nyumba mpya. Mji mpya ulioahidiwa haukusimama kama ulivyochorwa. Miaka ikapita majani yakiota palipokuwa na vyumba, na hatimaye ardhi ile ikaanza kugombewa na watu wengine kabisa. Je, askari aliyesimama pale na rungu mkononi aliambiwa nini juu ya ahadi ile? Aliambiwa kwamba ni amri. Na leo akikutana na mmoja wa wapangaji wale sokoni, atamjibu nini?

Kwa sababu hiyo maoni yetu ni kwamba nyumba za Walukuba, na nyumba zote za mabaraza, zisiguswe hata msumari mmoja kabla haki ya mpangaji haijaandikwa na kutiwa sahihi, ikitaja jina lake, chumba chake kipya, na siku ya kukabidhiwa ufunguo. Zibomolewe kwa mafungu: fungu moja lijengwe na kukaliwa kabla la pili halijabomolewa. Na zikiuzwa, fedha yake isiingie katika mfuko wa posho za vikao, bali ijenge nyumba nyingine. Baraza linalouza nyumba ili kulipa madeni ya mwaka huu ni kama mkulima anayekula mbegu.

Lakini baraza halitaacha kuuza kama halina njia nyingine ya kupata riziki, na hapa ndipo tunaporudi kwenye kodi ya majengo. Sheria ya 2005 inaruhusu kutoza kiasi kisichozidi asilimia 12 ya thamani ya pango. Wanaosamehewa ni wale wakaao katika nyumba zao. Matokeo yake ni kwamba tajiri mwenye jumba la ghorofa na bustani halipi, maana anakaa ndani, na mjane aliyepangisha vyumba viwili vya matofali ili asomeshe watoto anadaiwa. Haki haiko hapo. Tunapendekeza msamaha ubakie kwa nyumba ya kawaida ya mtu wa kawaida, nao uondolewe kwa majumba makubwa. Thamani ikadiriwe na mthamini mwenye ujuzi, orodha yake ibandikwe hadharani, na kila mtu aone jirani yake ameandikiwa kiasi gani. Hilo ndilo lililokosekana mwaka 1960.

Na sasa ule upande wa pili tulioutaja. Upande wa barabara iendayo Kumi, ambako Chuo Kikuu cha Kiislamu kilifunguliwa mwaka 1988, nyumba za kupangisha zimeota kama uyoga, na miongoni mwa wenye nyumba hizo wamo watu wa vikosi. Hilo ni jambo jema. Vyama vya akiba na mikopo, Wazalendo kwa wanajeshi na Exodus kwa polisi, vimewasaidia wengi kujenga, na askari anayestaafu akiwa na vyumba vya kupangisha hatageuka omba-omba. Lakini chumba cha kupangisha ni biashara. Msamaha wa ushuru wa huduma alipewa askari kwa ajili ya mshahara wake. Nyumba yake haikuvalishwa sare. Tumewahi kusikia mtoza kodi akirudishwa mlangoni kwa maneno ya "Hujui hii ni ya afande nani?" Mtoza kodi yule ni kijana wa mkataba, mwenye daftari na kalamu. Atafanya nini? Ataruka mlango huo aende kwa mjane.

Itasemwa, na ni kweli, kwamba askari mwenyewe ana malalamiko makubwa zaidi kuhusu nyumba. Vile vibanda vya bati vya mviringo ambavyo polisi wenyewe wameviita "mama ingia pole" bado vinakaliwa na watu wenye wake na watoto: mchana ni tanuri, usiku ni barafu, na siri ya nyumba moja husikika katika ya tatu. Kambi nyingine familia mbili hugawana chumba kwa pazia. Deni hilo ni la serikali kuu, wala halimhusu diwani wa Nkoma. Nasi tunasema bila kuficha kwamba serikali imechelewa mno kulilipa. Lakini kutolipa kwa mmoja hakumpi mwingine ruhusa ya kutolipa. Askari anayekaa kibandani ana haki ya kudai nyumba bora kwa sauti kubwa zaidi ikiwa stakabadhi ya nyumba yake ya kupangisha iko mfukoni.

Liko jambo moja ambalo baraza linaweza kulifanya bila kungoja Bunge. Kila tarafa ya jiji hubakiwa na sehemu ya mapato inayokusanya. Baraza na libandike kila mwezi, penye ofisi ya tarafa na penye kituo cha polisi, karatasi moja yenye majina mawili tu ya vifungu: fedha iliyoingia kutoka Nkoma, na fedha iliyotumika Nkoma. Mthamini atakapokuja na daftari lake, afunguliwe mlango na luteni kama anavyofunguliwa na muuza nyanya, kisha wote wawili waende kuisoma karatasi hiyo, na kama mtaro bado umeziba, waulize pamoja.