Saa za rubani huhesabiwa, miaka ya mkimbizi je?

WAHENGA walisema mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Sisi tuliorejea nyumbani baada ya miaka mingi ya ukimbizini tunaipenda methali hiyo ya mabaharia, na huikariri kila tunapokutana mpakani au sokoni. Lakini ipo hoja moja ambayo methali haiigusi. Huyo aliyerejea ngamani alijifunza mengi alipokuwa tezi na omo. Je, nani anayahesabu?

Nimeamua kulijibu swali hili kwa kutazama safari ya kikazi ya Admirali William Gortney wa Jeshi la Majini la Marekani, rubani aliyepanda ngazi hadi kuwa kamanda wa manowari. Najua wapo watakaouliza: mwalimu wa Nyanza-Lac, aliyekulia kambi ya Dzaleka nchini Malawi, ana habari gani na maadmirali wa Marekani? Nawaomba wavute subira. Burundi haina bahari, na Malawi haina. Hata hivyo shehena zetu nyingi huteremshwa Dar es Salaam, na Malawi ina ghala zake za mizigo huko Dar na Mbeya. Bahari ya Hindi ikichafuka, mfanyabiashara wa Songwe, wa Kobero na wa soko la Lilongwe wote hulipa. Na kati ya Julai 2008 na Julai 2010, wakati bahari hiyo imechafuka kweli kweli, mmoja wa waliokabidhiwa kuituliza alikuwa Gortney.

Kwanza tuangalie alikotoka. Gortney hakupitia chuo maarufu cha maofisa wa majini cha Annapolis. Alisoma historia na siasa katika Chuo cha Elon, jimbo la North Carolina, akahitimu mwaka 1977. Mwaka huo huo akaingia mafunzo ya maofisa wa anga wa jeshi la majini, akapewa cheo cha chini kabisa cha ofisa, tena katika jeshi la akiba. Desemba 1978 akavishwa beji ya mabawa ya urubani na kuingizwa katika jeshi la kudumu. Mimi ninayefundisha historia huwaeleza wanafunzi wangu jambo hili kila wanaponiuliza somo langu lina faida gani.

Rubani wa jeshi la majini si sawa na rubani wa nchi kavu. Uwanja wake ni sitaha ya meli, na meli hiyo inakwenda. Anaposhuka, ndoano iliyo mkiani mwa ndege hutakiwa kunasa kamba nene ya chuma iliyotandazwa juu ya sitaha. Akiikosa, hana budi kuruka tena papo hapo, vinginevyo ataishia majini. Maofisa maalumu husimama pembeni kutazama kila ndege inavyotua, na kila kutua hupewa alama. Alama hizo hubandikwa ubaoni ambapo marubani wote wataziona, mkubwa kwa mdogo. Hakuna anayesema "huyu ni mwenzetu, tumwachie".

Kwa hiyo tunajua kwa hesabu kazi aliyofanya Gortney. Taarifa rasmi za jeshi lake zinasema aliruka zaidi ya saa 5,360 bila ajali, na alitua melini mara 1,265, nyingi kwa ndege za A-7 Corsair na F/A-18 Hornet. Aliongoza kikosi kimoja cha ndege, kisha kikosi kinachofundisha marubani wapya wa Hornet, kisha ndege zote za manowari moja, ndipo akakabidhiwa kundi zima la meli linaloongozwa na manowari ya kubeba ndege ya USS Harry S. Truman. Angalia mpango huo. Kabla ya kupewa meli nyingi alipewa ndege chache, na katikati akawekwa mahali pa kufundisha wengine.

Msomaji anaweza kushangaa: iweje mtu wa ndege aamrishe meli? Jibu lina karibu miaka 100. Mwaka 1926 Marekani ilipitisha sheria kwamba meli za kubeba ndege ziongozwe na maofisa wenye ujuzi wa anga. Maofisa wazee waliozoea mizinga na usukani wakajikuta hawana sifa. Baadhi yao walirudi darasani. Ernest King alipata mabawa mwaka 1927 akiwa na umri wa miaka 48. William Halsey aliyapata mwaka 1935 akiwa na miaka 52, akikaa na vijana wenye umri wa watoto wake. Vita Kuu ya Pili ilipokuja, King ndiye aliyekuwa mkuu wa jeshi lote la majini la Marekani, na Halsey akaongoza manowari katika Bahari ya Pasifiki. Kwa wenzangu wanaoona aibu kukaa dawati moja na vijana ili wapate cheti walichokikosa kwa sababu ya vita, mfano ndio huo.

Turudi katika bahari yetu. Julai 2008 Gortney, akiwa na cheo cha Makamu Admirali, alichukua uongozi wa Kikosi cha Tano cha manowari za Marekani chenye makao Bahrain, pamoja na ushirika wa meli za mataifa mbalimbali. Eneo lake lilikuwa takriban maili za mraba milioni 2.5 za maji. Hakupewa muda wa kupumua. Septemba 2008 maharamia wa Kisomali waliiteka meli ya Faina iliyokuwa ikielekea Mombasa na vifaru 33. Novemba wakaiteka Sirius Star, meli kubwa ya mafuta ya Saudi Arabia, mbali kabisa kusini mashariki mwa Mombasa. Aprili 2009 ikaja zamu ya Maersk Alabama, nayo ikielekea Mombasa, ikiwa na tani 17,000 za shehena. Katika hizo, tani 5,000 zilikuwa za msaada kwa Somalia, Uganda na Kenya. Wanaoishi kwa mgawo wa chakula wanajua maana ya meli kama hiyo kutofika. Mwaka huo wa 2009 pekee, Shirika la Kimataifa la Bahari lilihesabu mashambulizi 217 ya maharamia wa Kisomali.

Kila mashambulizi yalipoongezeka, bima ya meli ilipanda. Baadhi ya wenye meli waliamua kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, safari ndefu yenye mafuta mengi. Gharama hiyo hailipwi na mwenye meli. Humfikia mwenye ghala, kisha mwenye lori, kisha mwenye duka Lilongwe, na mwisho mama anayepanga nguo za mitumba chini pale Dzaleka. Kufikia Desemba 2010 maharamia walikuwa wameteka meli ya uvuvi ya Vega 5 karibu na Msumbiji, katika bahari inayohudumia bandari za Beira na Nacala zinazoilisha Malawi.

Gortney alifanya nini? Agosti 2008 ilitengwa njia ya doria katika Ghuba ya Aden. Januari 2009 kikaundwa kikosi maalumu cha mataifa, CTF 151, kwa kazi ya kupambana na uharamia tu. Machi 2009 Marekani ikaanza kuwakabidhi Kenya watuhumiwa ili wahukumiwe Mombasa. Lakini lililonivutia zaidi ni maneno yake. Kamanda huyo mwenye manowari na ndege alisema waziwazi kwamba meli zake hazitoshi kulinda kila chombo, kwamba wenye meli wajilinde pia, na kwamba tatizo lilianzia nchi kavu na huko ndiko litakakomalizwa. Ni nadra kumsikia mkubwa akitaja mipaka ya uwezo wake hadharani.

Na historia imemuunga mkono. Mashambulizi yaliongezeka hadi 237 mwaka 2011, yakashuka hadi 75 mwaka 2012. Yaliposhuka, sababu zilikuwa nyingi: manowari, walinzi wenye silaha melini, mahakama, na mabadiliko Somalia kwenyewe. Uharamia ulipochomoza tena mwishoni mwa 2023, tulikumbushwa kwamba nchi kavu bado haijatulia.

Simpambi mtu huyu. Manowari zake zilikuja kwanza kwa maslahi ya taifa lake, wakati wa vita vya Iraki na Afghanistan. Wavuvi wa Kisomali wana malalamiko ya haki kuhusu meli za kigeni zilizowaibia samaki baada ya dola yao kuanguka mwaka 1991, na hakuna kikosi kilichotumwa kwa ajili yao. Hayo yasemwe. Hoja yangu ni nyingine: taasisi iliyomlea ilihesabu kila saa yake. Ndiyo maana mwaka 2012 ilimpa cheo cha Admirali kamili na uongozi wa kamandi ya manowari yenye makao Norfolk, na Desemba 2014 ikamkabidhi ulinzi wa anga ya Marekani na Kanada, hadi alipostaafu mwaka 2016. Alipohama kutoka angani kwenda majini, hakuna aliyemwambia aanze sifuri.

Sisi tunaambiwa hivyo kila siku. Dzaleka, iliyokuwa gereza na kufanywa kambi mwaka 1994, ilikusudiwa watu kati ya 10,000 na 12,000 na sasa ina zaidi ya 50,000, wengi wao Wakongo, Warundi na Wanyarwanda. Humo watoto husoma mtaala wa Malawi, kwa Kiingereza, na kufanya mtihani wa taifa wa kidato cha nne kama Mmalawi yeyote. Ndivyo nilivyosoma mimi, kambini na kisha Lilongwe. Nilifundisha huko miaka sita kabla ya kurejea. Nilipopeleka karatasi zangu katika ofisi moja nyumbani, niliambiwa miaka hiyo haiwezi kuandikwa kwa sababu fomu haina mahali pa kuiandika. Kwenye fomu hiyo nilionekana kama kijana aliyemaliza shule jana.

Sipo peke yangu. Wapo wakunga, mafundi seremala, madereva wa malori na washoni waliofanya kazi miaka kumi na zaidi. Wapo wafanyabiashara waliojenga mtaji Lilongwe, kisha mwaka 2023 serikali ilipoamuru wakimbizi warudi kambini wakafunga maduka na kuondoka bila hata karatasi ya kuonyesha kwamba waliwahi kuwa na duka. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi mwaka 1987 iliweka masharti yake kuhusu kazi, elimu na kutembea. Ni haki yake kisheria. Lakini kumnyima mtu ruhusa ya kazi ni jambo moja, na kumnyima ushahidi wa kazi aliyokwisha kuifanya ni jambo jingine.

Kwa hiyo nasema hivi. Kwanza, kila anayeondoka Dzaleka kwa hiari aondoke na barua yenye muhuri inayotaja kazi aliyofanya, miaka na kiwango. Shule, zahanati na mashirika ya kambini wanaweza kuiandika bila kungoja sheria mpya. Pili, serikali zetu zitambue vyeti vya Malawi kwa muda uliotajwa, sio kwa miaka ya "njoo kesho". Njia zipo: Zambia, jirani wa Malawi, ilijaribu mwaka 2019 pasi ya UNESCO ya sifa za kielimu za wakimbizi, inayomtathmini hata aliyepoteza vyeti. Tatu, ndugu zangu wafanyabiashara wa mpakani, wekeni daftari. Risiti ya forodha, stakabadhi ya lori, tarehe ya mzigo. Mkopo hauombwi kwa masimulizi, na daftari ndilo ubao wenu wa alama.

Nchi zinazojijenga upya baada ya vita zinahitaji kila mwalimu na kila fundi. Haziwezi kuwa tajiri kiasi cha kutupa miaka ya watu wake. Fomu zichapwe upya, na ziwekewe mstari mmoja zaidi.