KAZI ZA MIKONO: Kibao cha Kutundikia Nishani

Mwezi huu twawaomba mfuatane nasi mpaka Mchikichini, jirani na Kariakoo, kwa fundi seremala mmoja. Wengi wenu mwajua ya kuwa jina Kariakoo latokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi wa vita vya 1914 hata 1918. Wapagazi hao walichukua mizigo ya jeshi, wakafa kwa makumi ya maelfu, na waliouawa na maradhi na njaa ni wengi kuliko waliouawa na risasi. Basi mahali pale pafaa kuzungumziwa habari hizi.

Tulipokuwa tumeketi kwa fundi, alifika mama mzee pamoja na mjukuu wake. Fundi akamwambia, "Shikamoo, bibi." Akaitika, kisha akafungua kitambaa, akatoa nyota ya madini ya manjano yenye ncha sita. Utepe wake ni mwekundu katikati, buluu kando, na mistari ya rangi ya chungwa. Ndiyo nishani ya askari waliopigana Burma, nchi iitwayo Myanmar siku hizi, ambako Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana mwaka 1944.

Mama akasema, "Mwanangu, nitengenezee mahali pa kuitundika. Watoto wameichezea sana, na juzi mnunuzi wa vyuma chakavu aliitaka."

Fundi akauliza, "Nichonge jina la nani?"

Mama akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Baba yangu alikwenda pamoja na kaka yake. Baba alirudi, baba mkubwa hakurudi. Nyota ni hii moja, na baba hakupenda kutaja habari za vita. Sijui ilikuwa ya nani."

Tuliigeuza nyota, tusione jina. Nishani nyingi za Waingereza za vita vya kwanza ziliandikwa jina la askari ukingoni, lakini zile za 1939 hata 1945 walizowapa askari wao zilitolewa bila majina. Kwa hiyo jina lisipohifadhiwa nyumbani, hupotea pamoja na mtu wa mwisho alijuaye.

Sasa tuwaeleze kazi yenyewe, maana kijana mwenye msumeno, randa na patasi aweza kuifanya. Chagueni mninga uliokauka sawasawa. Mbao mbichi hupinda, na unyevu wake huchafua madini. Kateni ubao wa sentimeta 30 kwa 20, kisha uzungusheni fremu yenye kina cha sentimeta 3, ili kioo kisiguse nishani. Pigeni msasa, mkaache mafuta au vanishi ikauke kabisa kabla ya kutia kitu ndani. Chini pawekeni kitambaa cha pamba kilichofuliwa. Sufu isitumike, kwa sababu hutia weusi katika fedha.

Utepe una upana wa milimita 32. Upitisheni juu ya kijiti cha shaba, mkaushone kwa nyuma. Msitoboe nishani, wala msiigandishe kwa gundi, wala msiisugue kwa majivu, kwa kuwa kusugua hula maandishi. Misumari ya chuma isiiguse, kwani hushika kutu. Kitundikeni kibao ukuta wa ndani, mbali na jua lipaushalo utepe, na mkague mchwa mara kwa mara.

Na mwenye sarafu za heshima, kama zile ambazo vikosi vya Marekani huwapa askari na wageni wao, hahitaji kioo. Achimbe mifuo katika ubao mnene, kila mfuo upana wa milimita 4 na kina cha sentimeta 1, ulioinama kidogo nyuma, naye asimamishe sarafu humo ili pande zote mbili zisomeke.

Baada ya juma moja tulirudi Mchikichini. Fundi alikuwa ametia vijiti viwili vya shaba, na chini yake amechonga majina mawili, la baba na la baba mkubwa. Nyota ilining'inia katikati, haikuwekwa juu ya jina lolote. Mjukuu akauliza, "Bibi, huyu wa pili ni nani?" Mama akaketi juu ya benchi la fundi, akaanza kumsimulia; tukamwona fundi naye ameacha randa akisikiliza.

Enyi wazazi na walimu, kabla hamjanunua mbao, chukueni karatasi. Waulizeni wazee jina, kijiji, kikosi na mwaka, mkayaandike kwa penseli na kuyatia nyuma ya ubao. Hata nyumba isiyo na nishani yaweza kuwa na jina la mpagazi aliyekwenda asirudi. Nalo lastahili kibao chake.